KIFAA KILICHOJIFUTA: TULICHOJIFUNZA KUHUSU KUTUNZA FUNGUO ZA SARAFU ZA KIDIJITALI

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za fedha na uchumi za sharika, Sapiwi, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)

 

Ofisi ya miradi imezoeleka kuja kwenu na habari za visima, mbuzi wa maziwa, majiko banifu, na madai ya taarifa za robo mwaka ambazo baadhi yenu bado mnadaiwa. Leo tumekuja na kitu kidogo, hiki hapa, kinachofanana na flashi. Kina kioo kidogo na vitufe viwili. Kitapita mkononi kwa kila mmoja wenu na hakina kitu ndani, kwa hiyo msiogope kukibonyeza. Tunasema hivyo kwa sababu upo usharika jirani ambao kwa wiki mbili nzima uliogopa hata kukitazama.

Jina la usharika huo hatutalitaja. Wenyewe wametupa ruhusa ya kueleza yaliyotokea, kwa sharti hilo.

Kikundi cha marafiki wa usharika, walioko Ulaya, walikuwa wanachangia paa la nyumba ya mtumishi. Mmoja wao akapendekeza mchango utumwe kwa njia ya Bitcoin, kwa maelezo kwamba makato ya benki ni makubwa na fedha huchelewa. Katika hilo hakukosea, nasi tumeshaona fedha za mradi zikikaa njiani siku kumi. Basi wakanunua kifaa hiki, wakakiandaa wao wenyewe nyumbani kwao, wakaweka humo kianzio, kisha wakamkabidhi mgeni aliyekuwa anasafiri kuja huku. Ndani ya bahasha mlikuwa na kifaa, kadi yenye maneno 24 ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri sana, na barua iliyotaja namba ya siri yenye tarakimu nne.

Hapa mzee mmoja wa kamati aliuliza swali ambalo ndilo la kwanza kwa kila mtu: hela yenyewe iko wapi, ndani ya hiki kidude? La, haimo. Sarafu hizi zimeandikwa katika daftari moja la hesabu ambalo nakala yake iko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, mfano wa kikundi ambacho kila mwanachama anatunza nakala ya daftari lote nyumbani kwake. Kifaa kinatunza ufunguo wa kuidhinisha malipo kutoka kwenye fungu lako. Fikirini ghala la pamba la AMCOS. Pamba iko ghalani, na mfukoni mwa katibu uko ufunguo tu. Na yale maneno 24 ndiyo ufunguo wenyewe ulioandikwa kwa herufi. Mwenye kadi ile anaweza kununua kifaa kingine, akaingiza maneno yale, akafungua ghala lile lile.

Sasa matatizo. La kwanza lilikuwa dogo, lakini liliwapotezea siku tatu. Kifaa kiliwaka kikiunganishwa na kompyuta ya usharika, ila kompyuta haikukitambua. Walibadilisha kompyuta, wakaenda mjini kwa fundi, fundi akasema kifaa kimeungua. Kumbe waya uliokuja kwenye bahasha ulipotea, wakatumia waya wa chaja ya simu. Nyaya nyingi za bei nafuu tunazonunua gulioni zina njia ya umeme tu, hazina njia ya kupitisha taarifa. Kifaa kinawaka kwa sababu umeme unafika, lakini hakiwezi kuongea na kompyuta. Mtu anayetaka kuhakikisha aunganishe simu yake kwenye kompyuta kwa waya huo huo. Kama picha za simu hazionekani kwenye kompyuta, waya ni wa kuchajia tu.

La pili lilituchekesha. Waya ukapatikana, lakini programu ya kampuni iliyotengeneza kifaa ikagoma kuunganika na mtandao. Vocha ilikuwepo, na kurasa nyingine nazo zilikuwa zinakataa. Katibu akaja kugundua kwamba saa ya kompyuta inasoma mwaka 2009. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, na kila umeme unapokatika kompyuta inarudi miaka hiyo. Vyeti vya usalama vya mitandao vina tarehe za kuanza na kuisha, kwa hiyo kompyuta inayoishi mwaka 2009 inaviona vyote si halali. Kurekebisha tarehe kulichukua nusu dakika.

La tatu ndilo lililoleta kilio. Programu ilipofunguka, kifaa kikaomba namba ya siri. Mwenyekiti akaisoma kwenye barua, katibu akabonyeza. Kifaa kikakataa. Wakarudia polepole, kikakataa. Mara ya tatu mwenyekiti alibonyeza mwenyewe, akiamini katibu ana haraka. Kifaa kikazima kioo, kikawaka upya, kikawasalimu kama kimetoka dukani, kikiuliza kama wanataka kuanza upya au kurejesha.

Ndugu wajumbe, wengi wenu mmekwisha kupokea barua za mkono kutoka Ulaya. Wenzetu wa kule wanaiandika moja kwa mkia mrefu unaopanda juu, na jicho letu sisi linaisoma kuwa saba. Saba ya kwao huwa ina kistari katikati. Namba ile ilikuwa na moja mbili, na kamati nzima ilisoma saba mbili.

Kifaa hakikuharibika. Kimetengenezwa kufanya hivyo makusudi, ili mwizi akikipata asikae akibahatisha usiku kucha. Vifaa vya Ledger, vinavyotengenezwa na kampuni ya Ufaransa, hujifuta baada ya makosa 3. Vile vya Trezor, vya Jamhuri ya Cheki, huvumilia hadi makosa 16. Lakini kamati haikujua hayo. Walichojua ni kwamba fedha za wafadhili zilikuwepo asubuhi, na jioni hazipo, na mikono iliyobonyeza ni ya kwao. Mwenyekiti alitueleza baadaye kwamba usiku ule hakulala, akihesabu ng'ombe wake. Walikubaliana wasimwambie mtu yeyote. Barua mbili za marafiki zikaja kuuliza kama fedha zimeonekana, hazikujibiwa.

Katika ukimya huo wakajaribu kujitibu wenyewe. Walitafuta msaada kwenye intaneti, na matokeo ya juu kabisa yalikuwa tangazo la kulipia lililovaa rangi na nembo ya kampuni. Ukurasa ule ukasema: ingiza maneno yako 24 hapa ili turejeshe pochi yako. Katibu alikuwa ameshaandika maneno sita. Ni binti mmoja wa kwaya, mjumbe wa kamati kwa upande wa vijana, aliyemshika mkono akauliza kwa nini mtandao unauliza kitu ambacho barua inasema tusimwonyeshe mtu. Akasema hii ni sawa na ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunaomba mlishike jibu la binti huyu, kwa sababu utapeli wa namba hii haumchagui mshamba. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger, pamoja na majina na anwani za nyumbani za watu zaidi ya 270,000, zilivuja zikawekwa hadharani. Mwaka 2021 baadhi yao walipokea kwa posta vifaa bandia vikiwa vimefungwa vizuri, na barua ya kuwataka waingize maneno yao. Na hao ni watu wa Ulaya na Marekani wanaojua kompyuta tangu utoto.

Sisi wa ofisini tulijua habari hii kwa bahati tu, tulipofuata taarifa ya robo mwaka. Tulikuta kifaa kimeviringwa ndani ya kitambaa cha altare kilichochakaa, kwenye kabati la vitabu vya kumbukumbu. Nasi hatukuwa wataalamu. Tulisoma kwanza maelekezo ya kampuni yenyewe, tukarudi siku ya pili na waya wetu.

Kazi ilikuwa fupi. Tulichagua kurejesha, tukaweka namba mpya ya siri, kisha tukaingiza maneno 24 kutoka kwenye kadi. Kwa kifaa cha aina hii maneno huingizwa kwenye kifaa chenyewe, herufi kwa herufi kwa vitufe viwili, wala si kwenye kompyuta au simu. Inachosha, lakini ndiyo usalama wenyewe. Tulipomaliza neno la 24, programu ikafunguka na kianzio kikaonekana chote. Mwenyekiti alitoka nje, akakaa chini ya mwembe peke yake kwa muda.

Furaha ilipotulia, mtunza hazina, mama mmoja makini, akauliza swali lililobadilisha mambo yote. Kadi hii iliyotuokoa, iliandikwa na nani? Na wao hawakubaki na nakala?

Walibaki nayo. Waliandika hivyo kwenye barua, kwa moyo mwema kabisa: tumetunza nakala ili mkipoteza tuwasaidie. Hapo ndipo tulipoamua kuwaandikia marafiki na kuwaeleza yote, pamoja na zile wiki mbili za ukimya. Kuandika barua ile kulikuwa kugumu kwa kamati kuliko kurejesha kifaa. Jibu lilikuja siku ya pili, nao waliomba radhi kwa ile moja inayofanana na saba. Tukakubaliana jambo moja: wao wairudishe ile sarafu kwao kwa kutumia nakala yao, waibadilishe kuwa fedha za kawaida, watume kwa benki.

Siku ya kurudisha tulikaa na kamati, kifaa kikiwa kimefungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati mezani mbele yetu. Kwenye kioo cha kompyuta salio likawa sifuri. Hakuna mtu wa Bariadi aliyegusa kitu. Hayo tungeweza kuyaeleza kwa maneno mwaka mzima yasieleweke kama yalivyoeleweka dakika ile.

Kwa hiyo marafiki zetu mnaosoma jarida hili kutoka mbali, tunawaomba kwa upendo: msimwandalie mtu kifaa cha namba hii. Aliyeona maneno 24 ya kwanza ana ufunguo, hata kama hana nia mbaya, na siku fedha ikipotea hakuna atakayeweza kusema ni upande upi umeipoteza. Kifaa kinunuliwe kwa mtengenezaji mwenyewe, kifike kitupu, na maneno yazaliwe kwenye kioo chake mbele ya watakaokitumia. Kikifika na maneno tayari kwenye kadi, kifutwe.

Baada ya hapo kifaa kikawa cha kujifunzia. Tulikifuta, kikazalisha maneno mapya, na kamati ikayaandika. Mmoja alisoma kwa sauti, mwingine akaandika, kama tunavyofanya kwenye mahesabu. Kisha tukawaambia wakifute tena. Wakagoma! Baada ya yote waliyopitia, kufuta kwa makusudi kulionekana wendawazimu. Tukawakumbusha mizani ya pamba: hakuna mkulima wa hapa anayempelekea mnunuzi mzigo kabla hajaona mizani ikijaribiwa kwa jiwe linalojulikana uzito. Wakakubali.

Walipojaribu kurejesha, kifaa kikasema maneno si sahihi. Tulitafuta kosa karibu saa nzima. Maneno haya hutoka katika orodha rasmi ya maneno 2,048. Zipo orodha za Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kijapani na lugha nyingine kadhaa, ila Kiswahili hakimo, na vifaa vingi hutumia ya Kiingereza. Msomaji alitamka "leta" na mwandishi akaandika "letter". Kwenye kioo neno lilikuwa "later". Yote mawili yamo kwenye orodha, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. (Tunaweza kuyataja hapa kwa kuwa maneno yale tulikwisha kuyafuta.) Lipo pia "word" na lipo "world". Tangu siku hiyo tunafundisha hivi: asomaye ataje herufi nne za kwanza za kila neno, moja moja, kwa sababu orodha imepangwa ili herufi nne zitoshe kutofautisha neno lolote na mengine. Kisha wabadilishane, aliyeandika asome na aliyesoma alinganishe na kioo.

Kosa hili ndilo linalotutisha kuliko mengine yote. Waya mbovu na saa mbovu vinakukatalia siku ile ile. Karatasi yenye neno moja baya inanyamaza. Kifaa kingefanya kazi vizuri miaka mitatu, fedha zikiingia na kutoka, hadi siku kinapoibiwa au kuingia maji, ndipo mgundue kwamba karatasi ile haifungui kitu. Na hapo hakuna meneja wa tawi, hakuna wakala, hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kurudishia namba ya siri. Bwana mmoja wa Newport, Wales, James Howells, alitupa kimakosa diski yake ya kompyuta mwaka 2013 ikiwa na ufunguo wa Bitcoin takribani 8,000. Alikwenda hadi mahakamani kuomba aruhusiwe kufukua dampo la mji, na mwaka 2025 mahakama ikamkatalia.

Mtauliza, je, basi usharika ule unatumia kifaa? Hautumii, na ushauri wa ofisi kwa sharika zote ni huo huo. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na ikatahadharisha umma. Ni kweli kwamba tangu Julai 2024 sheria ya fedha imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali, na wapo wanaosoma hilo kama ruhusa. Sisi hatuko tayari kwenda mbele ya mkaguzi wa hesabu na tafsiri hiyo. Pili ni bei. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 16,000. Paa lililochangiwa bati mia lingebaki na bati ishirini na kitu, na sisi ndio tungesimama kueleza.

Sababu ya tatu ni yetu wenyewe. Vikundi vya kuweka na kukopa, vya mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, vimetufundisha sanduku la kufuli 3, funguo kwa watu 3. Mmoja hawezi kufungua peke yake. Kadi moja ya maneno 24 inaivunja kanuni hiyo, maana anayeishika dakika tano na simu yenye kamera amekuwa mwenye sanduku. Mzee mmoja alipendekeza kadi ikatwe vipande vitatu, maneno manane kila mtu. Ni wazo zuri kwa kuangalia, lakini mchwa wakila kipande kimoja, vile viwili havina kazi tena. Upo mpangilio wa kitaalamu wa vifaa 3 ambapo lazima angalau 2 viidhinishe malipo, nao unafanana na sanduku letu. Gharama yake ni mara tatu, na karatasi za kutunza ni tatu. Kwa usharika wenye akaunti ya benki na watia sahihi wawili, hatuoni kwa nini tuubebe mzigo huo.

Kwa nini basi tumewaita kuzungumzia kitu tunachowakataza? Kwa sababu ya vijana wenu. Wapo wanaomiliki sarafu hizi kwa simu na kwa vifaa, kwa fedha zao wenyewe, na wazazi hawajui. Habari ya kifaa kilichofufuka ilipoenea, alikuja ofisini mama mmoja na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake kulikuwa na kifaa kama hiki. Mwanawe alikuwa fundi simu Mwanza, akafariki kwa ajali ya pikipiki. Aliwahi kumwambia mama yake kwamba humo ndimo ilimo nyumba atakayomjengea. Kaka wa marehemu alishabahatisha namba ya siri mara mbili: mwaka wa kuzaliwa, kisha namba za mwisho za simu.

Tulimwambia ukweli. Kwanza, asiruhusu mtu yeyote kubonyeza tena, kwani bila karatasi ya maneno, kifaa kile chenye nafasi moja iliyobaki ndicho mlango pekee. Pili, asimpe fundi yeyote anayedai kukifungua kwa malipo ya mbele. Tatu, atafute karatasi, na ikipatikana, hata kifaa kikiwa kimeharibika hakuna hasara. Tulikwenda naye hadi kwenye chumba alichopanga kijana yule. Tulifungua madaftari yake ya shule, Biblia yake, risiti za vipuri, maboksi ya simu. Tulikuta orodha ya maneno ya Kiingereza, mioyo ikaruka, kumbe ni nyimbo. Karatasi yenyewe hadi leo haijapatikana. Mama anaendelea kutunza kopo.

Tangu siku hiyo, kwenye fomu ya maelezo ya familia inayojazwa na wanakikundi wetu tumeongeza mstari mmoja, baada ya shamba, mifugo, akaunti na laini za simu: je, una kifaa au pochi ya sarafu za kidijitali, na ni nani atakayejua mahali ilipo karatasi yake? Maneno yenyewe yasiandikwe kwenye fomu. Tunachotaka ni jina la mtu anayejua mahali. Fomu ziko kwa Baba Mchungaji, nakala mbili kwa kila mtaa. Kwa wale mlio na vifaa hivi majumbani, tutakuwa hapa hadi saa kumi, tumekuja na nyaya nzima tatu. Karatasi zenu ziacheni nyumbani.

 Sasa tunakaribisha maswali, na kifaa kilichokuwa kinapita kirudi mbele, tafadhali.